Bango na Mpaka: Ubaguzi wa Rangi wa Marekani Kusini na Kaskazini



Ukimuuliza msomaji yeyote wa magazeti yetu ubaguzi wa rangi wa Marekani unakaa wapi, atakujibu bila kusita: Kusini. Ataitaja Mississippi, ataitaja Alabama, atakumbuka mashamba ya pamba, mabango ya kutenga Weupe na Weusi kwenye mabomba ya maji ya kunywa, na mbwa wa polisi walioachiwa waandamanaji vijana mjini Birmingham mwaka 1963. Kumbukumbu hiyo ni ya haki na sikuja kuifuta. Lakini zichukue takwimu za miaka yetu hii, uulize ni wapi Mweusi ameachwa mbali zaidi na Mweupe wa jimbo lake mwenyewe, uone kama kidole kitatua Mississippi. Mwaka 2021 shirika la Sentencing Project, ambalo kwa miaka mingi limefuatilia hesabu za magereza, lilionyesha kwamba kwa nchi nzima kiwango cha Weusi walio kwenye magereza ya majimbo ni karibu mara tano ya kile cha Weupe. Majimbo saba yalivuka mara tisa: California, Connecticut, Iowa, Maine, Minnesota, New Jersey na Wisconsin. Hakuna hata moja kati ya hayo saba lililojitenga ili kuulinda utumwa katika vita vya 1861 hadi 1865. Yote yalikuwa upande wa Muungano. Huko Wisconsin, katika kila Weusi 36 wenye umri wa utu uzima, mmoja alikuwa kifungoni. Na katika eneo la Minneapolis na viunga vyake, jiji ambako George Floyd aliuawa chini ya goti la polisi tarehe 25 Mei 2020, takriban familia tatu katika kila nne za Weupe zinaishi katika nyumba zao wenyewe. Kwa Weusi ni takriban familia moja katika kila nne.

Tufanye nini na hesabu kama hizi? Wapo wanaozitumia kuisafisha Kusini, wakisema mnaona sasa, wanafiki walikuwa Kaskazini. Wapo wanaozikwepa wakisema ubaguzi ni ubaguzi, uwe huku au kule. Nadhani wote wawili wanapitwa na jambo lenyewe. Ninachotaka kukithibitisha jioni hii ni kwamba nchi ile ilijenga mitambo miwili tofauti ya kumweka Mweusi chini. Kusini mtambo ulikuwa bango: sheria na desturi zilizoandikwa wazi, zikitekelezwa na mtu anayejulikana kwa jina, dhidi ya mtu anayeishi hatua chache kutoka kwake. Kaskazini mtambo ulikuwa mpaka: mstari wa manispaa, wa wilaya ya shule, wa eneo la mikopo, ambao haukutaja rangi ya mtu lakini uliamua mtoto wa nani atasoma wapi na mshahara wa nani utaweza kununua nini. Hukumu na sheria kubwa za miaka ya 1954 hadi 1965 zilitolewa kuling'oa bango, na kwa kiasi kikubwa zililing'oa. Mpaka wenyewe zilipita kando yake.

Tuanze na Kusini. Tarehe 31 Agosti 1962, Fannie Lou Hamer, mkulima wa kugawana mavuno katika Kaunti ya Sunflower, Mississippi, alipanda basi na wenzake hadi mji wa Indianola kujiandikisha kupiga kura. Karani alimpa mtihani wa katiba ya jimbo, akamfelisha. Aliporudi shambani jioni ile mwenye shamba alikuwa amekwisha kupata habari: ama afute maombi yake, ama aondoke. Hamer alikuwa amefanya kazi pale miaka 18, naye ndiye aliyekuwa akitunza hesabu za muda wa vibarua. Aliondoka usiku uleule. Tazameni jinsi mnyororo ule ulivyokuwa mfupi. Karani, mwenye shamba, mkulima: watu watatu wanaofahamiana, kaunti moja, siku moja. Mwenye shamba ndiye mwajiri, ndiye mwenye nyumba, ndiye anayekukopesha mbegu na chakula na kuzifanya hesabu mwisho wa mwaka. Hakukuwa na haja ya kumtenga Mweusi kwa umbali, kwa sababu alikwisha kushikwa kwa ukaribu. Weupe na Weusi wa Kusini waliishi mtaa kwa mtaa, mara nyingine nyumba kwa nyumba. Mama Mweusi alilea watoto wa Kizungu na kupika chakula chao. Kilichokatazwa kilikuwa kukaa sawa, kuketi meza moja, kusimama mstari mmoja wa kura.

Mtambo wa namna hiyo ni mkatili kupita kiasi, ila una udhaifu mmoja mkubwa: unaonekana. Una kifungu cha sheria unachoweza kukipeleka mahakamani, una karani unayeweza kumwondoa kitini. Sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 ilipoleta wasajili wa serikali kuu, Weusi walioandikishwa Mississippi walipanda kutoka asilimia 6.7 mwaka 1964 hadi 59.8 mwaka 1967. Kwa shule hadithi ni hiyohiyo. Miaka kumi baada ya Mahakama ya Juu kutoa hukumu ya Brown mwaka 1954, iliyoharamisha kuwatenga watoto shuleni kwa rangi, ni mtoto mmoja hivi tu katika kila watoto Weusi mia wa Kusini aliyekuwa akisoma na Weupe. Kisha serikali kuu ikatishia kuzinyima fedha shule zinazobagua, mahakama zikakaza, na kufikia mwaka 1988 zaidi ya asilimia 40 ya wanafunzi Weusi wa Kusini walikuwa katika shule ambazo Weupe ndio wengi. Kwa kipindi hicho Kusini, Kusini ya mbwa wa Birmingham, ndiyo ilikuwa sehemu ya Marekani yenye shule zilizochanganyika kuliko zote. Mabadiliko hayo hayakuja kwa upole wa watu, maana watu walipigana nayo kwa mawe na moto. Yalikuja kwa sababu kitu cha kuangushwa kilikuwa kimesimama mahali pa wazi.

Sasa twende Kaskazini, kwa kuwafuata wale waliokwenda. Kati ya 1910 na 1970 Weusi wapatao milioni sita waliondoka Kusini. Kutoka Mississippi wengi walipanda treni za Illinois Central hadi Chicago, wengine wakaendelea Milwaukee na Detroit. Walifuata kazi za viwandani, na kazi walizipata. Walichokinyimwa ni ardhi ya kukaa. Mwaka 1944 Kongresi ilipitisha sheria ya kuwainua askari waliotoka vitani, kwa masomo, mitaji, na mikopo yenye dhamana ya serikali. Hakuna mstari uliotaja rangi. Hadi Oktoba 1947 mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba ilikuwa imedhaminiwa Mississippi, na Weusi walipata miwili. Msikilizaji hatashtuka, kwani Mississippi ni Mississippi. Lakini katika jiji la New York na viunga vya kaskazini mwa New Jersey, kati ya mikopo ya nyumba ipatayo 67,000 iliyodhaminiwa kwa sheria ileile, iliyowafikia wasio Weupe haikutimia 100. Pande zote mbili ni sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Matokeo yanakaribiana, njia ni mbili. Mississippi mwenye benki alimtazama mwombaji usoni akamkatalia. Kaskazini hakuhitaji hata kumtazama. Alifungua ramani, akatafuta mtaa wake, akakuta umepakwa wino mwekundu na wakadiriaji wa serikali wa miaka ya 1930, akafunga faili.

Kuna mahali ambapo jambo hili unaweza kuligusa kwa mkono. Kaskazini-magharibi mwa Detroit, karibu na barabara ya Eight Mile, mjenzi mmoja mwaka 1941 alitaka kujenga nyumba za Weupe kwenye kiwanja kilichopakana na makazi ya Weusi. Federal Housing Administration, shirika la serikali kuu lililoundwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, halikutaka kudhamini nyumba zilizo karibu namna ile na Weusi. Mjenzi akasimamisha ukuta. Ni ukuta wa zege, kimo chake kama mita 1.8, unene kama sentimita 30, ukitambaa nusu maili nyuma ya nyumba, kati ya ua na ua. Mtu mrefu akisimama kwa vidole vya miguu anachungulia upande wa pili. Kijana mwepesi anauparamia kwa mruko mmoja. Kwa hiyo kuzuia watu haukuweza, na wala haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuonekana kwenye karatasi za mkopo, na uliposimama tu, dhamana ilitoka. Upande mmoja familia ziliingia katika nyumba za mkopo wa miaka mingi na riba ndogo, nyumba ambazo zingepanda thamani na kuwasomesha wajukuu. Upande wa pili, umbali wa kurusha jiwe, familia zilibaki na vibanda na akiba ya noti mkononi. Ukuta ule upo hata leo. Pande zote mbili sasa wanakaa Weusi, na sehemu inayopita kando ya uwanja wa watoto imechorwa picha za rangi nyingi tangu mwaka 2006.

Wasikilizaji wa Dar es Salaam hamhitaji kufafanuliwa sana hapa. Uwanja wa Mnazi Mmoja, tunaopumzikia na kufanyia mikutano, uliachwa wazi na Waingereza ili uwe kitenganishi kati ya Uhindini na Kariakoo. Hakuna aliyehitaji kubandika tangazo pale. Nafasi tupu ilitosha kusema, na majina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yakaingia katika lugha yetu kana kwamba ni majina ya milima na mito. Tofauti ni kwamba mstari wa mkoloni Dar ulikuwa ndani ya jiji moja lenye serikali moja, na serikali ilipobadilika mwaka 1961 mwenye kauli juu ya pande zote alikuwa mmoja. Kaskazini mwa Marekani mstari ulipewa serikali yake. Kila kiunga kikawa manispaa, kina baraza lake, polisi wake, wilaya yake ya shule, na kodi ya majengo inayokusanywa ndani ya mstari na kutumika ndani ya mstari. Shule za Marekani hutegemea kodi hiyo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nyumba za bei huzaa shule nzuri, na shule nzuri huzidi kupandisha bei ya nyumba.

Kesi mbili za miaka ya 1970 zinaonyesha uzito wa tofauti hii kuliko maelezo yangu yote. Huko North Carolina, jiji la Charlotte na kaunti yake ya Mecklenburg vilikuwa na mfumo mmoja wa shule wenye wanafunzi zaidi ya 84,000. Jambo hilo lilikuwa la kawaida Kusini, ambako kaunti nzima mara nyingi ni wilaya moja. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ilikubali watoto wapangiwe shule na kusafirishwa kwa mabasi kaunti nzima ili madarasa yachanganyike. Mzazi Mweupe aliyetaka kukimbia alikuwa hana pa kukimbilia karibu, kwani kila alikohamia ndani ya kaunti alikuta mfumo uleule. Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ya Detroit. Jaji Stephen Roth alikuwa ameridhika kwamba watoto Weusi wa jiji walitengwa kwa vitendo vya serikali, na kwamba ndani ya jiji peke yake hakukuwa na Weupe wa kutosha kuchanganyika nao. Aliamuru mpango uhusishe wilaya 53 za viunga. Julai 1974 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaukataa. Wilaya za viunga, ilisema, hazikuthibitishwa kuwa na kosa, basi zisiguswe. Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya Brown miaka 20 nyuma na sasa jaji Mweusi wa kwanza wa mahakama hiyo, aliandika maoni ya kupinga yenye uchungu mwingi. Naona alikuwa na haki. Mahakama ilikuwa imetafuta mkosaji mwenye jina, kama ilivyozoea Kusini, na mpaka hauna jina. Detroit ya watu milioni 1.85 mwaka 1950 ilifika 2020 na watu 639,000 hivi, karibu wanane katika kila kumi wakiwa Weusi, huku mistari ya viunga ikiwa palepale.

Lipo pingamizi la kwanza, na ni la zamani: watu hupenda kukaa na wenzao, hapakuwa na mtambo wowote. Ingekuwa kweli, Detroit isingehitaji zege. Mahakama ya Juu isingehitaji, mwaka 1948, kuzikataza mahakama zote nchini kutekeleza hati za nyumba zilizowafunga wanunuzi wasije wakawauzia Weusi, katika kesi iliyotoka St. Louis. Grosse Pointe, viunga vya matajiri kando ya Detroit, visingekuwa na utaratibu wa kumpa kila mnunuzi alama kwa asili yake, lafudhi yake na rangi ya ngozi yake, utaratibu uliofichuliwa mwaka 1960 na ambamo Mweusi hakuingizwa hata kwenye hesabu. Na Martin Luther King asingepigwa jiwe kichwani Agosti 1966 katika bustani ya Marquette, Chicago, akiwa kwenye maandamano ya kudai makazi, akatamka baadaye kwamba chuki ya namna ile hakuwahi kuiona Mississippi wala Alabama. Anayechagua kwa hiari hahitaji kulindwa uchaguzi wake kwa ukuta, hati na jiwe.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: tatizo ni viwanda kufungwa, wala si rangi. Milwaukee ndiyo mfano unaotajwa sana, na ni mfano mzuri. Mwaka 1970, katika kila wanaume Weusi kumi wa eneo lile wenye umri wa miaka 25 hadi 54, zaidi ya wanane walikuwa kazini. Mwaka 2010 walikuwa watano na kidogo. Viwanda vilivyowavuta kutoka Mississippi vilikuwa vimekwisha. Lakini wafanyakazi Weupe wa viwanda vilevile nao walifungiwa mageti, na hawakuanguka kiasi kile. Kwa nini? Kazi hazikupotea zote. Nyingi zilihamia kaunti za Waukesha, Ozaukee na Washington zinazolizunguka jiji, na Mweupe alizifuata kwa kuwa kule alikuwa anaruhusiwa kununua nyumba tangu zamani. Weusi walikuwa wameukuta mlango huo umefungwa. Jiji lile lina daraja la Mtaa wa 16, linalovuka bonde la mto Menomonee kati ya upande uliokuwa wa Weusi na upande uliokuwa wa watu wenye asili ya Poland. Wenyeji walisema ndilo daraja refu kuliko yote duniani, maana linaunganisha Afrika na Poland. Mwishoni mwa Agosti 1967 vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, pamoja na padri James Groppi walilivuka wakidai sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba, wakapokewa kwa chupa na matusi ya maelfu, na maandamano yao yakaendelea usiku 200 mfululizo. Sheria hiyo Vel Phillips, mwanamke wa kwanza na Mweusi wa kwanza katika baraza la jiji, aliileta mezani mwaka 1962 na tena na tena baadaye, na kila mara kura ya kuiunga mkono ilikuwa yake peke yake. Kiwanda kilipofungwa, kilimkuta kila mtu alipowekwa. Tena kuna utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake wa mwaka 2018, uliofuatilia watoto mamilioni hadi ukubwani: katika asilimia 99 ya mitaa ya Marekani, kijana wa kiume Mweusi huishia na kipato kidogo kuliko kijana wa kiume Mweupe aliyelelewa katika familia yenye kipato kilekile. Tabaka peke yake halielezi hilo.

Pingamizi la tatu nalichukulia kwa uzito mkubwa, kwa sababu linaweza kuipotosha hoja yangu mwenyewe. Uwiano, watasema, ni kipimo cha hila. Mississippi pengo linaonekana dogo kwa kuwa Weupe wake nao ni maskini na hufungwa kwa wingi. Minnesota linaonekana kubwa kwa kuwa Weupe wake ni matajiri. Mweusi wa Mississippi anapata faraja gani kuambiwa jirani yake Mweupe naye ana njaa? Hapati faraja yoyote, na yeyote anayesoma takwimu za uwiano bila kutazama hali yenyewe ya maisha amesoma nusu ukurasa. Mississippi iko juu kabisa kati ya majimbo kwa vifo vya watoto wachanga, na kwa nchi nzima mtoto wa Mweusi yumo katika hatari ya kufa kabla ya kutimiza mwaka zaidi ya mara mbili ya yule wa Mweupe. Sheria ya afya ya mwaka 2010 ilikusudia kuipanua Medicaid, bima ya serikali kwa maskini. Mahakama ya Juu mwaka 2012 ikayaachia majimbo hiari, na hadi 2024 majimbo kumi yalikuwa yamekataa, saba kati yake ya Kusini: Texas, Florida, Georgia, Alabama, Mississippi, South Carolina na Tennessee. Katika majimbo hayo kofi linalorushwa kwa Mweusi humpata pia Mweupe fukara aliyesimama nyuma yake, naye bado hulipigia kura. Huo ndio urithi wa bango: serikali iliyozoea kutotoa huduma, kwa hofu kwamba asiyestahili atafaidika. Kwa hiyo sisemi Kaskazini ni kubaya zaidi. Nasema tukipima kwa uwiano tutaiona mipaka ya Kaskazini, tukipima kwa hali ya maisha tutauona ukata wa Kusini, na tiba ya mmoja haiponyi mwingine.

Linabaki gumu moja ambalo sitalipitisha kimya. Kama mpaka ndio kisa, basi Charlotte, yenye wilaya moja ya shule, ingepaswa kuwa pazuri kwa watoto. Utafiti wa Chetty wa mwaka 2014 ulipima maeneo 50 makubwa kwa nafasi ya mtoto wa familia za chini kabisa kufika tabaka la juu kabisa la kipato. San Jose, California, ilipata asilimia 12.9. Charlotte ilikuwa ya mwisho, asilimia 4.4, na yaliyotangulia mbele yake kidogo ni Milwaukee na Atlanta, asilimia 4.5 kila moja. Hesabu hiyo ni ya watoto wa rangi zote, lakini haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa watoto waliopimwa walizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na walipanda mabasi yaleyale ya Charlotte niliyoyasifu. Jibu langu ni kwamba basi humchukua mtoto asubuhi na kumrudisha alasiri. Shule zilichanganyika, mitaa haikuchanganyika. Wale waliohamishwa mitaa ndio wanaotuonyesha: katika jaribio la serikali la miaka ya 1990 lililofanyika Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, familia zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa hati za kupanga nyumba mahali penye umaskini mdogo, na watoto waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuja kupata kipato cha asilimia 31 zaidi ya wenzao waliobaki. Mpaka wa shule ni mmoja kati ya kadhaa, na Charlotte iliufuta huo peke yake.

Tena, kama ni mpaka na wala si tabia ya watu wa Kusini au Kaskazini, tunapaswa kuona mambo yakibadilika pale mpaka unapohama. Ndivyo ilivyo. Louisville, Kentucky, iliunganisha shule za jiji na za kaunti mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Detroit kukataliwa, na Kentucky ikahesabiwa kwa miaka mingi kati ya majimbo yenye shule zilizochanganyika zaidi. Memphis, Tennessee, ilikwenda kinyume. Shule za jiji, zenye Weusi wengi, ziliungana na za Kaunti ya Shelby Julai 2013. Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kubadili sheria, na mwaka uliofuata manispaa sita za viunga zilijitoa na kuanzisha wilaya zao. Hapo hakuna karani wala mwenye shamba. Kusini imejifunza kazi ya Kaskazini, na yule anayedhani ubaguzi wa Kusini uko katika damu ya watu wake na atazame ni chombo gani walichokichagua walipopata nafasi ya kuchagua.

Minneapolis yenyewe haikulala. Kwa sheria ya mwaka 1971 manispaa za eneo lake hutia sehemu ya ongezeko la msingi wa kodi za biashara katika mfuko mmoja na kugawana, jambo la nadra Marekani, na Desemba 2018 baraza la jiji lilipitisha mpango wa kukomesha maeneo ya nyumba ya familia moja tu, ili kila kiwanja kiweze kujengwa hadi makazi matatu. Pengo la nyumba halijafungika, na ninaamini sababu inaonekana kwa macho. Ukienda kusini-magharibi mwa jiji, kwenye makutano ya Mtaa wa 50 na barabara ya France, maduka yamepangana pande zote mbili na watu wanavuka wakiwa na vikombe vya kahawa bila kujua wamevuka nini. Upande wa mashariki ni Minneapolis. Upande wa magharibi ni Edina, manispaa nyingine, yenye shule zake na kanuni zake za ujenzi, ambako hati za nyumba za mtaa wa Country Club tangu miaka ya 1920 ziliwakataza wasio Weupe kuishi isipokuwa kama watumishi. Uamuzi wa Desemba 2018 ulifika hadi katikati ya lami ya barabara ile.